Kiti cha Mtoto cha Sadick

Mwaka ule wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, gari lilipoingia kijijini watu walitazama kwanza nyuma yake. Mbele kuna dereva tu, na dereva ni mtu wa kutumwa. Nyuma ndiko kulikoonyesha nia ya safari: kama kuna mabati, kama kuna magunia ya pamba, au kama kuna familia imekalia vitanda vyake, kuku mikononi, inapelekwa kijiji kipya ambacho haijawahi kukiona. Ndiyo maana Land Rover ya chama cha ushirika pale Bariadi ilisemwa kuliko gari lingine lolote. Nyuma ya dereva, juu ya kiti cha kawaida, kulikuwa na kiti kingine kidogo, cha mtoto.

Kilikuwa cha chuma kilichovikwa turubai la bluu, na kilishikwa na boliti ili kisisogee. Kilikuwa na mikanda: ya kupita mabegani, ya kuzunguka kiuno, na mmoja wa kupita katikati ya miguu. Yote ilikutana tumboni kwenye kufuli moja ya chuma. Juu ya turubai, pale kifua cha mtoto kinapokaa, palikuwa na doa jekundu lililofifia bila kutoka.

Dereva aliitwa Sadick, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto.

"Mwanamume asiye na mtoto, kiti cha mtoto cha nini?"

Swali hilo liliulizwa kisimani, likaulizwa mnadani, likaulizwa kwenye foleni ya kupima pamba. Jibu lake lilikuwa neno moja, na halikusemwa kwa sauti kubwa: mumiani. Wazee walilijua neno hilo tangu enzi ya Mwingereza, kwamba wako watu wenye magari wanaokamata wenzao, wanawafunga, na kuwatoa damu ikauzwe mbali. Hakuna aliyewahi kumwona mumiani akifanya kazi yake. Lakini mtu hangoji kumwona fisi ndipo afunge zizi.

Mmoja wa waliolisema kwa uhakika alikuwa Malimi, mkulima wa pamba mwenye jozi ya ng'ombe wa jembe waliosifika. Alisema hivi: "Kwetu mtu anafungwa akiwa mwizi, au kichaa, au maiti ndani ya ngozi ya ng'ombe. Mtoto hafungwi. Mtoto anabebwa mgongoni kwa mama yake, na mbeleko si kamba."

Malimi alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine. Watoto wake wa kwanza walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, na surua iliwachukua wote wawili katika msimu mmoja. Baada yao alizaliwa msichana, akaitwa Shija kama ilivyo desturi ya mtoto anayefuata mapacha. Majirani waliendelea kumwita Malimi Baba Kulwa, na mkewe Nyanjige wakamwita Mama Kulwa, kwa maana jina la mzazi halizikwi pamoja na mtoto. Lakini nyumbani kilichobaki kilikuwa Shija.

Siku moja ya mwezi wa nane, nyumba zote zikiwa zimejaa pamba, Shija alikuwa akiruka juu ya lundo la pamba ukumbini. Alicheka huku kinywa kimejaa mbegu alizokuwa akizitafuna kwa mchezo. Kicheko kikakatika. Alikohoa mpaka akawa wa rangi ya majivu, kisha akapata pumzi tena, lakini pumzi yenyewe ilikuja na mluzi. Kila alipovuta hewa, kifua kililia kama filimbi ya mchunga ng'ombe aliye mbali.

Leonidas, tabibu wa zahanati, aliweka sikio kifuani upande wa kulia, akaliweka upande wa kushoto, akarudi kulia.

"Mbegu imeingia njia ya hewa," alisema. "Mbegu ya pamba ikilowa inavimba. Huku mimi sina chombo cha kuitoa. Apelekwe Mwanza leo. Na asilazwe. Akae wima, atulie, asitikisike. Ikihama ikaziba katikati, sitaki kuwaambia."

"Gari la wagonjwa?" Malimi aliuliza.

"Liko Maswa, gereji. Lakini gari la ushirika linakwenda Mwanza kuchukua vipuri vya mashine ya kuchambulia pamba. Nimeshamtuma mtu kwa Sadick."

Malimi alimtazama Leonidas kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. "Kwa nani?"

"Sadick. Umesikia. Mama Kulwa, mbebe mtoto taratibu, simama pale nje kwenye hewa."

Malimi alimvuta mkewe pembeni. Mfukoni mwa koti lake la mvua alikuwa na kisu cha kuchunia ng'ombe, kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba. Alikizungushia kitambaa, akakiingiza ndani ya kikapu cha Nyanjige, chini ya viazi vikavu.

"Tukiwa njiani nikikohoa mara mbili," alinong'ona, "nipe hicho."

"Na ukikohoa kwa vumbi?"

"Mwanamke, huu si wakati wa mzaha."

"Sifanyi mzaha. Barabara ya Lamadi ina vumbi. Nitajuaje?"

Gari likaja. Sadick alishuka, akawasalimu, akafungua mlango wa nyuma. Hakuuliza mgonjwa ni nani. Alimtazama Shija, akatazama kile kiti, akaanza kulegeza mikanda kwa vidole vinavyojua kazi. Kwa Malimi, hilo pekee lilitosha kumweleza alikuwa mtu gani.

"Huyu hakai hapo," Malimi alisema.

"Tabibu amesema akae wima, Baba Shija. Kiti hiki kinamkalisha wima."

Malimi alisikia jina hilo. Hakulisahihisha. Mtu usiyemwamini humpi majina ya wafu wako.

"Atakaa mgongoni kwa mama yake."

Nyanjige alikwisha kumfunga mtoto kwa mbeleko, akapanda, akakaa ukingoni mwa kiti, mgongo haugusi popote. Sadick hakuwasha gari. Aliegemea mlango.

"Mama Shija, tukifika kwenye shimo la kwanza utaegemea. Hutapenda, lakini utaegemea. Na unayemwegemea ni nani?"

Nyanjige akageuza shingo kidogo. Mluzi ulikuwa sikioni mwake.

"Basi nitampakata," alisema, "na huo mkanda utupitie wote wawili."

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Gari likisimama ghafla, mwili wako wote unakuja mbele, na mkanda uko mbele ya mtoto. Unamkamua katikati kama karanga."

"Umejuaje?" Malimi aliuliza. "Umeshamkamua nani?"

Watu waliokuwa wamesimama pale zahanati walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Sadick alitoa kofia, akaikung'uta, akaivaa.

"Mimi naondoka," alisema mwishowe. "Kwenye kiti, au mshuke. Sitampeleka mtoto ndani ya gari hili akiwa mikononi."

Nyanjige ndiye aliyeamua. Alimfungua Shija mgongoni, akamweka kwenye kiti kidogo yeye mwenyewe, akamshika mkono huku Sadick akipitisha mikanda mabegani, kiunoni, na katikati ya miguu. Sadick aliivuta kila mmoja mpaka vidole viwili tu vikapita kati ya mkanda na kifua. Kufuli ilipofunga ilitoa mlio mmoja mkavu, *kakh*, na Malimi akauhisi ndani ya meno.

Kisha Sadick akamwonyesha Nyanjige mkanda wake, naye akajifunga akiwa kando ya mtoto. Malimi alikaa mbele kushoto. Mkanda wake ulining'inia ukutani mwa gari kama nyoka aliyekufa.

"Na wewe, Baba Shija."

"Mimi si mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Twende."

Wakaenda. Kutoka Bariadi mpaka Dutwa Malimi hakutazama barabara hata kidogo. Alimtazama Sadick. Aliona kwamba dereva anatazama kioo kidogo cha juu mara kwa mara, na ndani ya kioo kile hakionekani kingine ila mtoto. Aliona kwamba anaendesha polepole kuliko dereva mwenye haraka ya kweli. Mara moja, mahali pasipo na nyumba wala mti wa maana, Sadick alisimamisha gari, akashuka, akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Malimi alikohoa mara mbili.

Nyanjige aliingiza mkono kikapuni. Lakini Sadick alivuta tu mkanda wa bega la kushoto la Shija, uliokuwa umelegea, akaukaza, akasikiliza mluzi kidogo, akarudi kwenye usukani.

"Vumbi?" Sadick alimwuliza Malimi.

"Vumbi," Malimi akasema.

Nyuma, Nyanjige alikuwa amegeuza uso dirishani, mabega yakimtikisika. Malimi hakujua kama mkewe anacheka au analia, na hakutaka kujua.

Walipopita Dutwa ardhi ikafunguka, mbuga tupu ya manjano yenye makorongo. Malimi aliona amechoka kunyamaza.

"Hicho kiti ni cha nani?"

"Cha ushirika."

"Ushirika una watoto?"

"Kililetwa na mtaalamu wa pamba, yule Mzungu. Mtoto wake alikuwa anakalia. Walipoondoka gari likabaki kwetu, kiti kikabaki ndani ya gari."

"Doa je?"

"Doa gani?"

"Hilo jekundu kifuani."

Sadick alifikiri. "Sharubati. Yule mtoto alikuwa akitapika safari nzima."

Jibu lilikuwa jepesi mno. Malimi alijua kwamba mtu anayesema uongo hutayarisha jibu jepesi. Lakini alijua vilevile kwamba ukweli mara nyingi ni mwepesi, na katika kupima lipi ni lipi alisahau kushika chuma cha mbele yake.

Kundi la ng'ombe lilitoka korongoni kwa ghafla, kama ardhi imewatapika. Fahali aliyetangulia alisimama katikati ya barabara, akageuza pembe zake kuelekea gari. Sadick alikanyaga breki. Gari liliserereka kwenye changarawe, pua ikaligonga kalvati, likasimama kwa kishindo, kisha likalala taratibu kwa ubavu wa kushoto ndani ya mtaro.

Malimi hakusimama gari liliposimama. Yeye aliendelea na safari. Alikutana na kioo cha mbele kwa paji la uso, na dashibodi kwa mdomo.

Alipoona tena, aliona vumbi likishuka kimya. Damu ilimwingia jicho moja. Sadick alikuwa juu yake, ananing'inia kwenye mkanda wake, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Kulikuwa na harufu ya petroli. Na kitu kimoja hakikuwepo: mluzi.

"Shija!" Nyanjige alipiga kelele. "Baba Kulwa! Mtoto!"

Shija alikuwa palepale alipowekwa. Kiti hakikung'oka. Lakini gari lilikuwa limelala, na mtoto alining'inia ndani ya kiti kwa ubavu. Mkanda wa bega ulikuwa umepanda mpaka shingoni, na macho yalikuwa yamemtoka. Nyanjige alibonyeza kufuli. Haikufunguka. Uzito wote wa mtoto ulikuwa juu yake.

"Mshike kwanza!" Sadick alisema kwa sauti iliyobanwa. "Mshike kwa chini, umwinue, ndipo ukate. Usikate kabla hujamshika!"

Nyanjige aliweka bega lake chini ya mwanawe akamwinua. Malimi alipanda juu ya migongo ya viti.

"Kisu," alisema. Safari hii hakukohoa.

Kisu kikatoka chini ya viazi. Malimi alipitisha vidole vyake kati ya mkanda na shingo ya mtoto ili makali yasimguse, akakata mkanda wa bega mara moja. Shija aliteleza mikononi mwa mama yake. Kitambo kidogo hapakuwa na sauti yoyote duniani. Kisha mluzi ukarudi, mwembamba, wenye hasira, na baada yake kilio.

Wakatoka kwa mlango wa juu. Sadick alikuwa wa mwisho, akijivuta kwa mkono mmoja.

Wachunga ng'ombe walikuwa wameshapiga mwano, ile sauti ya kuita watu inayopokewa kutoka kilima mpaka kilima. Wanaume walikuja mbio kutoka kijiji kipya kilichokuwa ng'ambo ya korongo, wana fimbo, wana marungu, mmoja ana upinde. Walichokiona ni hiki: gari limelala, ndani yake kiti cha mtoto chenye mikanda, mkanda mmoja umekatwa, mtoto analia kwa sauti isiyo ya kawaida, mwanamume ana kisu, na damu imemfunika uso mpaka kifuani, na mtu mrefu mwenye kofia ambaye si wa huku.

"Ndilo," mtu mmoja alisema. "Gari lenyewe ndilo hili."

Mkubwa wao alikuwa mgambo aliyeitwa Shigela, mtu mpana, suruali ya kaki, kifua wazi. Alimtazama Sadick kwa muda, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, na mtu akampa kamba.

"Mwadila," Shigela alimsalimu Malimi, huku wenzake wakimkalisha Sadick chini na kumfunga mikono nyuma. Mkono wa kushoto ulipovutwa, Sadick alitoa sauti kama ya ndama.

"Mwadila," Malimi akajibu.

"Umemwahi huyu, ng'wanawane, mwana wa kwetu. Umefanya vizuri. Kisu hicho kilikuwa cha kazi gani?"

"Kilikuwa chake yeye," Malimi alisema, akimwonyesha Sadick kwa kidevu.

Sadick aliinua macho. Pamoja na maumivu yale yote, aliuliza: "Changu?"

"Chako. Tangu Bariadi."

"Kwa hiyo lile vumbi..."

"Ndiyo."

"Msikieni!" Shigela aliwaambia watu. "Baba mwenyewe anasema. Mchukueni mtoto, apelekwe kwa mganga wa kule kilimani. Huyu tutabaki naye."

Hapo ndipo Malimi alipoona kwamba maneno aliyoyasema kisimani na mnadani yalikuwa yamefika huku kabla yake, yakaota miguu, yakamngoja. Na alimtazama mtu aliyefungwa kamba. Kamba ya mikononi mwa Sadick haikuwa imemshika asianguke. Ilikuwa imemshika ili aangushwe. Tofauti hiyo mtu yeyote mwenye mkokoteni angeiona. Mzigo unafungwa kwa sababu unautaka ufike.

"Mfungueni," alisema.

"Nini?"

"Mfungueni. Fahali wenu ndiye aliyetuangusha. Huyu alinikataza kumweka mtoto mikononi, na mimi nilikataa mkanda wangu. Nitazameni mimi, halafu mtazameni mtoto. Nani ana damu?"

Watu walitazama. Kweli Shija hakuwa na mchubuko ila mstari mwekundu shingoni.

"Ameshapewa dawa," alisema yule mwenye upinde. "Mumiani anaanza na baba. Anamlainisha."

"Au amemuuza," mwingine akasema. "Wako wanaouza."

Shija alikohoa. Mluzi ulikatika, ukarudi. Nyanjige alipiga hatua moja mbele, akasimama uso kwa uso na Shigela.

"Huyu mtoto anaitwa Shija," alisema. "Wewe ni Msukuma. Niulize ametangulia nani."

Shigela hakuuliza. Hakuna Msukuma ambaye angehitaji kuuliza.

"Niulize wako wapi."

Wengine walishusha fimbo. Hata Sadick, mtu wa Tabora, alimtazama Malimi kwa namna nyingine, kwani alikuwa amelisikia jina ambalo Nyanjige alimwita mumewe ndani ya gari.

"Ana mbegu ya pamba kifuani," Nyanjige akaendelea. "Mwanza ndiko inakotolewa. Mkitaka kutusaidia, inueni gari. Mkitaka kutuua, endeleeni kuzungumza."

Wakamfungua Sadick, wakainua gari. Wanaume waliingia mtaroni, wakahesabu kwa Kisukuma, na Land Rover ikarudi juu ya magurudumu yake kwa mlio wa mabati. Bampa ilikuwa imepinda na kioo kimekuwa utando wa buibui, lakini injini iliguna, ikakohoa, ikashika.

Malimi alimchukua Shija mikononi mwa mkewe. Watu wote wakakaribia kutazama. Alimkalisha kwenye kiti cha bluu. Akatafuta njia ya kila mkanda kama alivyoona ukipitishwa asubuhi. Mmoja aliukosea, Sadick akamwelekeza kwa kidevu, akaurudia. Mkanda wa bega la kushoto ulikuwa kipande tu. Malimi aliushika, akauangalia.

Nyanjige alifungua mbeleko kiunoni mwake, akampa.

Malimi aliipitisha mbeleko ile kwenye chuma cha kiti, nyuma, juu ya bega la Shija, mpaka kwenye mkanda wa kiuno, mbali na shingo, akaifunga kwa fundo analofungia nira, ambalo halilegei ng'ombe akivuta na hufunguka ukivuta ncha. Akapima kwa vidole viwili. Kisha akabonyeza kufuli. *Kakh.*

Mwanamke mmoja mzee, aliyewafuata wanaume na kuchungulia tangu mwanzo kwa jicho la kushtaki, alisogea akaigusa ile mbeleko. "Hii naijua," alisema. "Hizo nyingine sizijui."

Shigela alikuwa bado na rungu. "Mimi sijaridhika," alisema. "Nakwenda nanyi mpaka Mwanza. Mtoto asipofika hospitali, mimi nitakuwa nimefika."

"Karibu," Sadick alisema, akijisugua mikono. "Lakini kwako mkanda hakuna. Mzungu alikuwa na familia ndogo. Kaa nyuma kabisa, ushike chuma."

"Sihitaji kufungwa."

"Najua. Hata huyu hakuhitaji."

Mkono wa kushoto wa Sadick ulikuwa umevimba, na mkono wa kushoto ndio wa gia. Basi Malimi alijifunga mkanda wake wa mbele, akashika kirungu cha gia kama anavyoshika mpini wa jembe, na safari ikaendelea pole kwa amri moja moja.

"Mbili, Baba... Nikuite nani?"

Malimi alisukuma gia ikalia. Aliona jicho la Sadick likienda kwenye kioo kidogo cha juu, kule kwa mtoto, likarudi barabarani.

"Baba Kulwa," alisema.

"Tatu, Baba Kulwa."

Nyuma kabisa, Shigela alikuwa akipanda na kushuka na kila shimo, kichwa chake kikigonga paa. Walipita Lamadi, ambako akina mama wa samaki waliacha beseni zao kutazama gari lenye kioo cha utando. Walipofika Nyashimo wakasimama kutia maji kwenye rejeta. Shigela akasogeza uso karibu na sikio la Nyanjige.

"Mayu, mama," alisema kwa sauti ya chini, "huo mkanda wako unafunguliwaje? Nauliza tu."

"Unataka kukaa?"

"Nimesema nauliza tu."

Walifika Mwanza jua likiwa bado juu ya ziwa. Daktari hakutaka maelezo marefu. Alisikiliza kifua, akauliza mtoto amesafirije, akaambiwa amekaa wima njia yote. Akasema vema, akamchukua. Malimi, Nyanjige, Sadick na Shigela walikaa kwenye benchi moja. Walikuwa watu wanne ambao asubuhi ile hakuna aliyemwamini mwenzake, isipokuwa mume na mke, na hao nao kwa shida. Nesi alimshona Malimi paji la uso palepale, akamfunga Sadick mkono. Malimi alisikiliza mlango. Mtu akisikiliza mluzi siku nzima, hata usipokuwepo anausikia.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alikuwa na kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na mbegu moja ya pamba, imevimba, nyeusi, ndogo kuliko aibu waliyokuwa nayo watu wazima waliokaa pale. Kisha wakasikia Shija akilia ndani. Kilikuwa kilio kipana, cha mtoto mwenye njaa, kisicho na filimbi.

Shigela alisimama, akachukua rungu lake. "Amefika," alisema. "Nimeona." Akaenda kutafuta lori la kumrudisha kwao, na walipomwambia asubiri gari la ushirika, alijibu kwamba atasubiri lolote ila si kile kiti cha nyuma.

Siku ya kurudi Bariadi ilifika Shija aliporuhusiwa. Sadick alikuwa amekwisha kumpelekea fundi viatu ule mkanda uliokatwa, naye akaweka mwingine kwa sindano ya ngozi na nyuzi zilizotiwa nta. Nyanjige alipewa mbeleko yake. Malimi mwenyewe ndiye aliyemkalisha Shija. Alipitisha mikanda, akafunga kufuli, akapima kwa vidole. Kisha akaushika mkanda mpya, akaweka mguu kwenye kizingiti cha gari, akauvuta kwa nguvu zote kama mtu anayejaribu nira kabla ya kununua. Akauvuta tena. Akainama, akaitikisa boliti moja baada ya nyingine, akachungulia chini ya kiti.

Sadick alikuwa amesimama na ufunguo mkononi.

"Baba Kulwa, hata leo huniamini?"

"Wewe nakuamini," Malimi alisema, akiendelea kuvuta. "Huu mkanda ndio bado sijauamini."

Sadick aliweka ufunguo mfukoni, akazunguka gari, akaja kuvuta upande wa pili.